Tyubu Mbili za Ganzi

Busia, 11 Februari 2025

Mdogo wangu Loy,

Nawasalimu wote hapo nyumbani, kuanzia Mzee na Mama, kupitia kwa ndugu yetu Jacktone na mbuzi wake anayekula kamba, mpaka wewe na wagonjwa wako wa kituo cha afya. Huku Busia malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji na vumbi tunalila na chai. Barua hii ninampa Mujib, yule dereva wa saruji. Ataiacha Tororo pale unapoacha baiskeli.

Karatasi ziko mbili. Ya kwanza msomee Mzee polepole, kisha mpe aishike, maana najua tangu macho yalipomwishia hataki simu. Anataka karatasi mkononi. Ya pili ni yako. Ukiisoma, itie jikoni.

*Baba, shikamoo. Nimekumbuka usemi wako kwamba mtu wa reli huanza na salamu, hata kama treni inawaka moto. Usishtuke. Nilipata ajali ndogo kwenye yadi. Mlango wa kontena ulinipiga kichwani. Nimeshonwa, nimefungwa bandeji, na daktari amesema nipumzike. Ndiyo sababu sikuja mwezi uliopita na sitaweza kuja mwezi huu. Uniombee. Mwanao wa kwanza, Oboth.*

Sasa wewe, Loy. Hakuna kontena iliyonipiga. Nimepandikizwa nywele.

Cheka, umalize, kisha uendelee kusoma. Nilikwenda Nairobi, kwenye kliniki moja ya ghorofani. Walininyoa kisogo, wakatoa nywele huko pamoja na mizizi yake, moja moja, wakazipanda mbele na utosini kama mtu anayepandikiza vitunguu. Siku nzima nimelala, nusu kifudifudi, nusu chali. Upasuaji wenyewe sikuusikia. Kilichonitoa machozi ni sindano za ganzi, zile za kwanza, kuzunguka kichwa chote. Waliniambia zitauma kidogo tu. Waongo! Baada ya hapo kichwa kikawa si changu, nikacheka na wahudumu, nikanywa soda. Ganzi ilikwisha nikiwa kwenye basi la kurudi, na tangu hapo sijapata raha. Uso ulivimba mpaka macho yakabaki mistari. Hilo limepungua. Kisogo ndicho kinachowaka. Siwezi kukilaza kwenye mto.

Utauliza kwa nini. Ninyi wote mlichukua nywele za Mama. Mimi peke yangu nilichukua kichwa cha Mzee, chenye upara. Pale mpakani madereva wa zamani wananiita Owori, jina lake, wanadhani ni yeye amerudi kazini. Nina miaka arobaini na minne. Nilitaka kuwa na kichwa changu mwenyewe, basi.

Wewe ni muuguzi. Nitumie dawa ya ganzi ya sindano na uniandikie jinsi ya kuitumia. Tafadhali.

Kaka yako,
Oboth


Iyolwa, 23 Februari 2025

Kaka Oboth,

Sisi tuko, tunakusalimu. Mama anapalilia wimbi na mgongo unamsumbua. Jacktone amemuuza mbuzi, kwa hiyo kamba zimepona. Mvua ilitangulia kidogo mwaka huu, sasa imejificha.

Karatasi yako ya kwanza nilimsomea Mzee barazani. Nilipofika kwenye mlango wa kontena akanisimamisha. "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Yeye nalisimama upande gani? Mlango nalifunguliwa na nani?" Wewe umesahau kwamba huyu mtu alifanya kazi kwenye yadi ya Malaba ujana wake wote, anajua milango ya mabehewa na makontena kuliko anavyojua milango ya nyumba yake. Ungemdanganya kwa kitu kingine. Ungesema umeanguka na pikipiki. Alikaa na karatasi yako magotini mpaka chakula kikapoa, halafu akasema, "Mimi ndio nalimpeleka kule kwenye yadi. Mimi ndio nalimwombea kazi." Akalia, Oboth. Mimi sijawahi kumwona analia, hata kidonda kilipoanza.

Kwa kuwa hukuuliza, kidonda chake cha muundi kimeongezeka. Kila siku ya pili nakiosha na kuondoa nyama iliyokufa. Ni kazi mbaya. Kwanza nampaka mafuta ya ganzi, tunangoja yashike, huku ananisimulia habari za treni ya mizigo, halafu ndiyo naanza. Hivyo anavumilia.

Sasa kuhusu kichwa chako cha kununua. Nilicheka, ndiyo. Nilicheka kwa hasira.

Ganzi ya sindano sikutumii. Mtu hajidungi mwenyewe kisogoni, na dawa ile ina kipimo. Ikizidi mwilini huenda kwenye ubongo na moyo. Mtu huanza kusikia ladha ya chuma mdomoni, midomo inakufa ganzi, masikio yanalia, na baada ya hapo ni kifafa au kaburi. Meza paracetamol kwa saa ulizoandikiwa, usingoje maumivu yapande ndipo ukimbilie kidonge. Asprini acha, itakutoa damu. Lala umeinua kichwa na mabega, shingo iegemee taulo lililokunjwa ili kisogo kisiguse kitu. Kitambaa cha baridi weka kwenye paji la uso, usiweke pale palipopandwa. Kama kisogo kinatoa usaha au unapata homa, rudi kwa waliokukata. Kama ni kuwaka tu, ni mishipa ya fahamu iliyoguswa, itachukua wiki nyingi. Uvumilie. Ulilipia.

Njoo umwone Mzee. Kutoka Busia mpaka hapa si safari. Kama unaogopa watu, vaa kofia.

Dada yako,
Loy


Busia, 9 Machi 2025

Dada Loy,

Pole na kazi, na mgongo wa Mama nao pole. Huku bei ya samaki imepanda, na pale ofisini wameleta msichana anayejua kila kitu kwa kompyuta, ananiita "babu" bila kujua kwamba nimelipia kichwa.

*Baba, shikamoo. Nilisimama upande wa kushoto, mlango ulifunguliwa na upepo, kufuli lilikuwa halijafungwa vizuri. Si kosa lako hata kidogo. Kazi uliyonitafutia imenilisha mimi na watoto. Bandeji bado ipo. Nakuja nikipona. Oboth.*

Najua utakachosema kuhusu hayo. Usikiseme.

Loy, sikukusikiliza. Jirani yangu Babra ana duka la dawa, nikambembeleza anidunge. Mara ya kwanza ilikuwa kama kuingia peponi. Nililala chali! Asubuhi yake moto ulirudi vile vile, nikaenda tena, na tena. Jumanne nilimwambia aongeze, maana ile ya kwanza haikufika. Akaongeza. Nikiwa bado nimekaa kwenye kiti chake nikasikia kama nimelamba msumari. Midomo ikapotea. Masikioni kukawa na kengele, na Babra alikuwa ananisemesha lakini naona mdomo tu unakwenda. Nilitetemeka mikono. Ilipita, lakini yeye alilia kuliko mimi, akasema nisikanyage tena dukani kwake nikitaka sindano, la sivyo ataniitia polisi.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi, na nimekiri, na bado naumwa. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu nimeacha kulala. Nalala nimekaa, kichwa kikianguka naruka. Siku mbili nimepeleka karatasi za lori moja kwa lori jingine, na bosi ameanza kunitazama.

Umetaja mafuta ya ganzi, ya kupaka. Hayo hayaingii mwilini sana kama sindano, sivyo? Nitumie hayo. Kidogo tu. Mujib anarudi Alhamisi.

Kuhusu kuja, nije vipi? Mbele nina magamba mekundu kama kuku aliyenyonyolewa, na nyuma naonekana kama mtu aliyeugua. Wataniuliza jeraha la kontena liko wapi. Wakiona, watajua. Na Mzee atataka kunishika kichwa. Unamjua. Anasalimia kwa kushika kichwa tangu alipopofuka.

Oboth


Iyolwa, 16 Machi 2025

Kaka Oboth,

Salamu za hapa ni nzuri. Mvua imerudi.

Mujib anakuletea tyubu mbili za mafuta ya ganzi. Paka kisogoni peke yake, kiasi cha punje ya harage, mara chache, wala si kila unapojisikia. Usipake mbele. Usipake penye kidonda kilicho wazi. Ukisikia tena ladha ya chuma, futa, uende hospitali ukaseme ukweli wote, maana daktari hawezi kutibu kontena.

Usiniulize nimezitoa wapi. Kituoni zimekwisha tangu mwezi uliopita, na bohari ya dawa ya Mbale wanasema mpaka robo ijayo ya mwaka.

Kidonda cha Mzee sasa nakiosha kwa maji ya chumvi.

Babra hakukosea kulia.

Mzee amesema niandike maneno yake, na nimeyaandika kama alivyoyasema, isipokuwa mahali pamoja ambapo nimeruka:

*"Oboth. Nasikia wewe nalala kwa kukaa. Kichwa si kitu ya kucheza. Mimi naliona mtu alipigwa na mlango pale Malaba, naliamka, nalikula, siku ya tatu nalikufa. Usirudi kazi haraka. Yule mtu naliacha kufuli wazi mwambie mimi nasema yeye ni mjinga. Wewe pona. Usije hapa kwa ajili ya mimi, barabara natikisa kichwa. Mimi nangoja."*

Amesema usije. Mimi nasema njoo. Mpaka hapa umenielewa.

Loy


Busia, 4 Mei 2025

Mdogo wangu mpenzi Loy,

Natumaini hamjambo, nami nimekuwa mtu tena! Nisamehe kwa kukaa kimya. Pasaka ilipita nikiwa kazini, malori hayana Pasaka.

Mafuta yako ni dawa kweli. Ninapaka, nangoja kidogo, kisogo kinanyamaza, nalala kama mtoto. Nimebakiza kidogo kwenye tyubu ya pili. Kama utapata nyingine, hata nusu, mpe Mujib. Sihitaji sana, ila nikijua ipo nalala vizuri zaidi.

Nywele zote zilizopandwa zimepukutika. Usicheke. Walinionya. Zinadondoka kwanza, mizizi inabaki, kisha zinaota upya. Kwa hiyo hivi sasa niko vile vile nilivyokuwa, kichwa cha Mzee mbele na kisogo chenye madoa. Utosini sisikii kitu. Inzi akitua simjui. Wanasema fahamu zitarudi. Lakini asubuhi nikisimama dirishani na kioo, naona vinyweleo, vidogo, kama ukungu. Agosti vitakuwa vimefunika. Agosti nakuja, kwa mguu wangu, na kofia naitupa Malaba.

*Baba, shikamoo. Kichwa kinaendelea vizuri, nyuzi zimetolewa, kimebaki kizunguzungu. Daktari ameniambia Agosti nitaweza kusafiri. Niwekee simsim ya kukaanga. Oboth.*

Mguu wa Mzee unaendeleaje? Hukuniambia mara ya mwisho.

Oboth


Iyolwa, 29 Juni 2025

Oboth,

Sikujibu barua yako ya Mei. Niliandika barua nyingi za kukujibu na zote nilizichana.

Hata sasa sijui nianze na salamu gani. Nyumba ya msiba ulikuwepo mwenyewe, uliiona. Jacktone alipokupigia simu kwamba Mzee hayupo tena, ulifika siku ile ile. Nakumbuka niliwaza, kumbe njia ilikuwepo.

Ulikuja na kofia ya sufu, na chini yake bandeji. Bandeji, miezi mitano baadaye! Kanisani wanaume wote walivua kofia, wewe hukuvua, na wale akina mama wa Nabuyoga wakasema, "Maskini, huyo ndiye aligongwa na kontena." Walikuonea huruma. Walikupa kiti. Mama alikukumbatia kiunoni ili asikuguse kichwa. Mimi nilisimama pale na sufuria mkononi, na nilitamani kuitupa.

Kisha tukamzika, na siku ya kunyoa ikawa inakuja, na asubuhi yake kitanda chako kilikuwa kitupu. Ulimwachia Jacktone ujumbe kwamba bosi amekuita.

Unajua kinachongojwa. Usijifanye mtu wa mjini. Wembe wa msiba huanza kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Akishanyolewa yeye ndipo wanafuata wengine, na wa mwisho ni Mama. Bila wewe hakuna anayenyolewa. Mama hajatoka nyumbani tangu tuzike. Hapiki, haendi kisimani, hasalimii mtu kwa mkono, na shamba lake la wimbi limeiva na ndege wanalila. Anawasikia kutoka ndani. Jana aliniambia, "Loy, kaka yako nasema nini? Kichwa chake bado? Mimi nangoja, lakini wimbi nakwisha." Ni maneno ya Mzee yale. Nangoja. Hii nyumba imezoea kukungoja.

Wazee wa ukoo wamekaa. Watangoja mpaka Jumamosi ijayo. Zaidi ya hapo wataanza na Jacktone, na unajua maana yake. Wembe ukianza kwake, yeye ndiye wa kwanza. Mahali pa Mzee patakuwa pake, katika kikao cha ukoo na katika kila msiba utakaokuja, na wewe utakuwa mtu aliyezaliwa hapa.

Njoo unyolewe. Kuna nini kichwani kwako cha kuokoa?

Loy


Busia, 3 Julai 2025

Dada Loy,

Sasa karatasi ni moja tu. Nilikuwa nimeshakunja ya pili kwa mazoea.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Siwezi kuja Jumamosi. Kliniki walinikataza wembe mpaka mwaka uishe. Ni maagizo ya daktari, hata wewe ungeyaheshimu kwa mgonjwa mwingine. Vinyweleo vimeanza kusimama, Loy. Mbele kabisa, juu ya paji la uso, tangu ujana sijawahi kuwa na nywele pale. Nikivinyoa nitakuwa nimeteseka kwa ajili ya nini? Yale maumivu yote?

Na sitaki kuvua kofia mbele ya ukoo mzima, watu waliosali kwa ajili ya kontena. Fikiria sura ya Mama.

Waambie jeraha halijapona. Waambie Jacktone aanze. Mimi mambo ya viti vya wazee siyataki, nina kiti changu ofisini.

Mwambie Mama avune wimbi.

Oboth


Iyolwa, 14 Julai 2025

Oboth,

Imekwisha. Wameanza na Jacktone.

Alikaa kwenye kigoda, mzee mmoja akamlowesha kichwa, na wembe ulipogusa tu akaanza kulia kama mtoto. Watu walidhani analilia Mzee. Alikuwa analia kwa sababu hakukitaka kigoda kile, na kila wembe ulipopita alitazama njia. Kisha wengine. Kisha mimi. Kisha Mama. Hakuna aliyetaja jina lako, hata kwa bahati mbaya. Mama alipokwisha kunyolewa alichukua kisu chake akaenda shambani, akavuna wimbi lililosalia.

Sasa nitakuandikia lile nililoruka mwezi wa Machi.

Zile tyubu mbili zilikuwa za Mzee. Nilikuwa nimezihifadhi kwa ajili ya muundi wake, na hazikuwepo nyingine. Barua yako ya Machi ilipofika nilimsomea karatasi yake, na nikamwambia tu kwamba unaumwa, hulali, unaomba ganzi na mimi sina ya kukupa. Nilisema hivyo kwa hasira, nikitaka mtu wa kunisikia. Halafu akasema haya, na haya ndiyo sikuyaandika: "Mpe zile za mimi. Mguu mimi nimezoea. Kichwa ya mtu ni kitu ingine."

Nilikataa. Nilimwambia hujaumia hivyo. Akaniuliza, "Wewe naliona?" Nikasema sikuona. Ningeweza kumwambia ukweli hapo hapo. Mdomo ulifunguka. Lakini alikuwa ameshika karatasi yako kwa mikono miwili, na sikuweza kumwambia kwamba mwanawe alikimbia kichwa chake. Kwa hilo najilaumu. Wewe nakulaumu zaidi, na wala sioni haya kusema hivyo.

Tangu hapo niliosha kidonda kile bila kitu. Aliuma taulo. Lile la kijani ulilomletea Krismasi ya mwaka juzi. Habari za treni hakusimulia tena kwa sababu meno yalikuwa na kazi. Nilipomaliza, akishatoa taulo mdomoni, swali lake lilikuwa moja siku zote: "Oboth bado naumwa?" Nilimjibu kwamba dawa inakusaidia. Alifurahi. Alifurahi, unasikia? Alikuwa akirudi kitandani anatabasamu, mguu unatetemeka, eti mwanawe analala.

Na wewe ukaniandikia kwamba unalala kama mtoto, ukaomba nyingine.

Hakufa kwa maumivu, nisije nikakudanganya. Sumu ya kidonda iliingia kwenye damu. Angekufa hata na ganzi. Lakini angekufa akisimulia treni.

Nywele zako zistawi.

Loy


Busia, 19 Julai 2025

Loy,

Sijui kama bado unafungua barua zangu.

Nilipomaliza kusoma yako niliweka ile tyubu ya pili mezani, nikaitazama. Nilikuwa naibana kutoka chini ili isipotee hata kidogo. Imebaki imekunjwa kama ulimi.

Nimekwenda kwa kinyozi wa stendi. Nikamwambia mashine sitaki, atumie wembe. Akaniuliza, "Boss, hii si ndio zinaanza kushika?" Nikamwambia anyoe. Juu alipita na sikusikia kitu. Wembe unakwangua, nausikia masikioni, lakini ngozi iko kimya kama si yangu. Nililipa ili nisisikie na sasa sisikii. Alipofika kisogoni ndipo moto ulipowaka. Babra alikuwa ametoka dukani, anaona, akaniita nipakwe kitu. Nikakataa. Nilishika kiti nikalia kwa sauti pale stendi, na watu wa bodaboda wakazima pikipiki zao.

Kisha kinyozi akaniletea kioo. Loy, ni Mzee. Ni yeye kabisa, mpaka kile kibonde cha upande wa kulia. Nimekitoroka kichwa hiki miaka yote na nilikuwa nacho chini ya kofia wakati namzika.

Nywele nimezikusanya zote, ziko kwenye bahasha ndogo. Zitupwe pale mlipotupa zenu, kama inaruhusiwa.

Karatasi ziko mbili tena. Ya pili ni ya Mama. Nimeandika kwamba hakukuwa na kontena, nimeandika kilichokuwepo, na nimeandika habari za tyubu. Msomee kwa sauti, Jacktone akiwepo. Usiruke neno.

Nataka kuja.

Oboth


Iyolwa, 27 Julai 2025

Oboth,

Barua imefika. Mujib anasema foleni ya Malaba imepungua.

Nilimsomea Mama karatasi yake nyuma ya ghala, anapepeta wimbi, Jacktone akiwepo. Sikuruka neno. Jacktone aliondoka katikati. Mama aliendelea kupepeta mpaka mwisho, kisha akaosha mikono, akachukua ile bahasha, akaipeleka mwenyewe. Hakuniita nimsindikize.

Aliporudi alisema, "Aje. Aje bila kofia. Apite kwa njia ya soko, mchana, watu naona yeye." Kiti cha Mzee kinabaki kwa Jacktone. Hilo wazee hawalirudishi nyuma, wala mimi sitawaomba.

Njoo Jumamosi. Mimi sitakuwepo, nitakuwa zamu. Nimeiomba mwenyewe. Kukuona na kichwa hicho sijaweza bado.

Kulipokuwa kunakuchwa Mama aliniuliza kama bado unaumwa. Nilimwambia ndiyo, kisogo kinakuwakia na hupaki kitu. Akasema, "Haya." Akarudi kwenye wimbi lake.

Loy